Fundi nguo aliyefika Ikulu ya Marekani

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Mteja wangu mmoja anashikilia kwamba Marekani iliwahi kuwa na rais fundi nguo kama mimi, tena asiyesoma shule. Ni kweli, au ananipamba ili nimpunguzie bei?
Fundi, Tanga

JIBU: Marahaba, fundi. Bei usipunguze, ila mteja kasema kweli. Huyo ni Andrew Johnson, rais wa 17, aliyezaliwa Raleigh, North Carolina, mwaka 1808. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mama akampeleka kwa fundi James Selby ajifunze kushona. Usidhani ni kuja asubuhi na kuondoka jioni: mtoto alifungwa kwa mkataba mpaka atimize miaka 21. Mwaka 1824 Andrew na kaka yake wakatoroka. Selby akatangaza gazetini zawadi ya dola 10.

Shule hakukanyaga. Hamu ya kusoma aliipatia kwa Selby, ambako mafundi walisomewa vitabu huku wakishona. Kuandika na hesabu alisaidiwa na mkewe Eliza, binti wa fundi viatu, aliyemwoa mwaka 1827 huko Greeneville, Tennessee. Duka lake likageuka baraza la siasa, naye akapanda: diwani, meya, mbunge, gavana, seneta. Aliposimangwa kwa ushonaji wake, alijibu kwamba alikuwa fundi mzuri, nguo zake zilikaa mwilini na ahadi kwa wateja alizitimiza. (Hilo la ahadi lisome mara mbili, fundi.)

Lincoln alipouawa Aprili 1865, makamu wake Johnson akashika urais. Hapo ndipo mimi naachana naye. Aliyewahi kusakwa kama mtoro alikuja kumiliki watumwa, na mwaka 1866 alitumia kura ya turufu dhidi ya sheria ya kuwapa weusi waliotoka utumwani haki za uraia. Bunge likaipitisha bila yeye. Mwaka 1868 Baraza la Wawakilishi lilimshitaki, na akaponea Seneti kwa kura moja tu.

Duka lake bado lipo Greeneville, limejengewa jengo la matofali la kulihifadhi. Ukibishana tena na mteja, hapo kwenye “kama mimi” unaweza kumkosoa: Johnson alishona kwa mkono. Cherehani zilipoenea, yeye alishakuwa mwanasiasa.