Kabla hujasoma habari ya Burkina Faso hewani

Nimehariri habari za kimataifa redioni hapa Arusha kwa miaka mingi, na vijana wanaojiunga na dawati letu huniuliza habari za Sahel, ukanda wa kusini mwa Sahara ilipo Burkina Faso, tuzishike vipi. Jibu langu: kabla hujauliza kimetokea nini, uliza nani bado anaweza kukisema.

Burkina Faso ilikuwa na magazeti yasiyoogopa. Norbert Zongo, mhariri wa L'Indépendant, aliuawa Desemba 1998 akichunguza kifo cha dereva wa mdogo wake Rais Blaise Compaoré. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao hapa hapa mjini kwetu, iliamua kwamba kumfunga mhariri Lohé Issa Konaté miezi 12 kwa kashfa kulikiuka uhuru wake wa kujieleza. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikaondoa kifungo kwa kosa hilo.

Yakaja mapinduzi mawili ya 2022. Redio RFI na televisheni France 24, zote za Ufaransa, zikafungiwa. Machi 2025 viongozi wa chama cha wanahabari, Guezouma Sanogo na Boukari Ouoba, walikamatwa baada ya kulalamikia hadharani kubanwa kwa vyombo vya habari; baadaye wakaonekana kwenye video wakiwa na sare za jeshi. Waliachiwa Julai. Inaniuma sana hii. Hawakupelekwa mahakamani, walipelekwa jeshini, na hapo hukumu ya Arusha haina pa kushika.

Sasa kazi yenyewe. Agosti 2024, katika mji wa Barsalogho nchini humo, watu waliokuwa wakichimba handaki la kujikinga walimiminiwa risasi. Idadi ya waliokufa ilitajwa kuanzia 100 hadi 600. Usichague moja ukaisoma kana kwamba ulihesabu mwenyewe. Taja kila idadi na aliyeitoa, kisha mweleze msikilizaji kwamba waandishi hawafiki huko kwa uhuru.

Ukimpata mtu kwenye miji ya huko kama Kaya au Djibo akakutumia sauti kwa WhatsApp, usiirushe, hata akikuruhusu. Kwenye mji mdogo sauti ya mtu inajulikana kama sura yake. Mimi namsikilizisha mhariri mwenzangu, tunayaandika maneno, mtangazaji anayasoma, ujumbe unafutwa. Wenzangu wengine husema tunapoteza ladha ya redio. Kweli tunaipoteza, na iende. Namba ya mtu huyo nayo usiihifadhi kwa jina lake.