Heka 12 za baba Mkuranga: fungueni mirathi kabla ya kukodisha, kugawana au kuuza

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Mko wanne, wote mnaishi Dar, baba amefariki mwaka wa tatu sasa, mama bado yuko kijijini. Kaka yenu mkubwa anataka shamba likatwe viwanja liuzwe, ninyi wengine mnataka kukodisha, na kuna anayesema dada zenu wameolewa kwa hiyo hawahusiki. Nakujibu kwa urefu kwa sababu sisi tulipita humohumo, na tulichelewa.

Umeeleza mengi lakini hukusema kama mmefungua mirathi, yaani kama mmekwenda mahakamani akateuliwa msimamizi wa mali ya baba. Kama bado, mengine yote yasubiri.

Baba yetu alifariki Machi 2009, masika ndiyo yanaanza. Aliacha heka 12 Mkuranga, njia ya Kisiju: mikorosho upande wa juu, minazi ya zamani kuzunguka nyumba, chini kijibonde kinachoshika maji. Baada ya arobaini tukarudi mjini. Neno mirathi hakuna aliyelitamka, tuliona ni kugombea mali kaburi halijakauka. Mama akaendelea kulima alipoweza, na sehemu iliyomshinda tukampa jirani alime muhogo. Tulikubaliana kwa mdomo tu: akivuna ampelekee mama chochote, na msimu ukiwa mzuri atoe fedha kidogo. Hatukuandika hata mstari mmoja.

Mwaka 2018 mama akaanza kusema shamba limepungua. Sisi tukasema ni uzee. Siku moja nikaenda naye, yeye mbele na panga, mimi nyuma. Tulipofika upande wa magharibi akasimama akasema, "Hapa palikuwa na minyaa ya mpaka ya baba yako." Mimi sioni kitu, naona majani na mistari ya mikorosho michanga inayonifika kiunoni. Mama akainama, akapekua majani kwa ncha ya panga, akapata chipukizi la kijani lisilozidi kidole. Akalikata, utomvu mweupe ukatoka. Akasogea hatua kumi akapata lingine, halafu lingine. Minyaa ilikuwa imeng'olewa, lakini mizizi haikuisha, na ilikuwa inachipua kwenye mstari uleule alioupanda baba. Mpaka ulikuwa umesogezwa ndani kwetu karibu heka moja na nusu, na juu yake mikorosho 43. Tuliihesabu.

Watu wa Pwani mnajua uzito wa mti. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule. Ndiyo maana wazee wakimkaribisha mtu shambani walikuwa wanamwambia wazi: lima muhogo, lima kunde, usipande mazao ya kudumu. Sisi watoto wa mjini hatukumwambia mtu hivyo. Jirani akasema amelima miaka tisa, miche kanunua mwenyewe na palizi kalipa mwenyewe.

Kaka akaenda kushtaki kwenye baraza la kata. Swali la kwanza aliloulizwa ni kama ana barua ya usimamizi wa mirathi. Hana. Akaambiwa mali ya marehemu anaidai msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, kuwa mtoto wa marehemu peke yake hakutoshi. Akarudi nyumbani kimya, siku hiyo hakula.

Hapo ndipo tulipoelezwa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote. Sheria ya ukomo wa madai inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa anaimiliki, miaka hiyo inahesabiwa tangu siku aliyofariki. Haisubiri mfungue mirathi. Kwa hiyo mkikaa bila msimamizi hakuna wa kushtaki, na siku zinakwenda. Sisi tulikuwa tumebakiza mitatu. Ninyi mmeshatumia karibu mitatu. Ni kweli mtu mliyemkaribisha hawezi kugeuka kuwa mmiliki kwa sababu tu amekaa sana, mahakama zetu zimesema hivyo mara nyingi, lakini mtathibitishaje kwamba mlimkaribisha kama hakuna karatasi na mama, ambaye ndiye shahidi, anazidi kuzeeka?

Taratibu zenyewe si ngumu kama watu wanavyotisha. Kikao cha familia na muhtasari wenye majina ya warithi wote na anayependekezwa, cheti cha kifo, halafu Mahakama ya Mwanzo ya pale marehemu alipokuwa anaishi. Baba yetu aliishi kijijini, kwa hiyo tulifungua hukohuko Mkuranga. Kama wenu alikuwa na makazi Dar, ulizeni Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mirathi na ndoa. Tangazo linabandikwa, asipotokea wa kupinga msimamizi anateuliwa, na ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Hilo la kurudisha hesabu wengi hawalifanyi. Wanachukua barua, wanaiweka kabatini, miaka inapita na shamba bado ni la marehemu.

Mgawanyo wetu ulifuata dini, sisi ni Waislamu. Mama thumuni, sehemu moja ya nane, yaani heka moja na nusu. Zikabaki kumi na nusu kwa wanaume wawili na wanawake watatu, hisa saba: kila kaka heka tatu, kila mmoja wetu wa kike moja na nusu. Kwenye karatasi ilikaa sawa kabisa. Lakini tulipoweka kamba shambani tukaona tunachokwenda kufanya. Bonde angelipata mmoja, mikorosho inayozaa wawili, na dada yetu wa mwisho angeambulia kichanga kitupu. Nani angetoka Mbagala au Chanika kwenda kulima heka moja na nusu ya kichanga?

Tukaamua hisa zijulikane, ardhi isikatwe. Kila mtu hisa yake imeandikwa, tumesaini na mashahidi, na kijiji kilipopata mpango wa matumizi ya ardhi tukaomba hati ya kimila yenye majina yetu sote sita. Mapato yanagawanywa kwa hisa. Anayetaka kutoka anauza kwanza kwa ndugu. Kaka mdogo alitoka 2022, mwanawe alikuwa anaumwa, na dada mkubwa akainunua hisa yake kwa awamu nne. Hakuna mgeni aliyeingia.

Kuhusu dada zenu: wanarithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya iliamua kwamba mwanamke wa Kagera aliyerithi ardhi ya ukoo kwa baba yake alikuwa na haki ya kuiuza kama mwanamume. Mwambie huyo anayesema wameolewa akuonyeshe ni sheria gani iliyomwambia hivyo. Tena kwetu aliyemuuguza baba miezi saba ni dada aliyeolewa.

Kukodisha sikatazi, sisi tunakodisha hadi leo. Ukipita njia yetu sasa, wenye jembe mkononi wengi ni wakodi wanaolima tikiti na bamia za kupeleka soko la Temeke Stereo, na wenye mashamba tuko Dar. Ila andikeni. Msimu mmoja mmoja, heka ngapi, mipaka ipi, bei, tarehe ya kutoka, na mstari wa peke yake kwamba haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu wala kujenga. Mashahidi wawe majirani wa pande zote mnazopakana nazo. Mkitaka mkataba wa miaka kadhaa, upitie halmashauri ya kijiji.

Viwanja, mwambie kaka apige hesabu taratibu. Heka ni kama mita za mraba 4,047. Ishirini kwa ishirini unapata kumi kwenye karatasi, ukitoa njia ni nane. Na akiuza kabla ya usimamizi anauza kisicho chake peke yake. Mnunuzi akishajenga msingi ndipo mtakapojua.

Jirani tulimalizana naye 2020, kwa mazungumzo mbele ya wazee na barua ya usimamizi ikiwa mezani. Tulimrudishia gharama ya miche na palizi kwa awamu mbili, akasaini, mikorosho ikawa yetu. Iliuma kulipa, lakini inazaa. Na siku hizi baraza la kata limeondolewa mamlaka ya kuamua tangu 2021, linasuluhisha tu, asiporidhika mtu mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mkienda kumsalimia mama wikiendi hii, nendeni wote wanne na watoto wenu wakubwa. Mwanangu ana miaka 19, na hadi mwaka jana alikuwa hajui shamba la babu yake linaishia wapi. Mwombeni mama awatembeze mpaka mzima, pembe hadi pembe, mmoja apige picha kila mti anaougusa, mwingine aandike jina la kila jirani anayelitaja.