Gari la kabureta likikata pumzi mlimani, kabureta iwe ya mwisho kufunguliwa

Gari la zamani likianza kukohoa, mkono wa fundi hukimbilia kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, zinafunguliwa, skrubu zinazungushwa, jioni inafika na ugonjwa uko palepale, ila sasa na kabureta nayo imevurugwa. Inauma, kwa sababu mara nyingi kabureta haikuwa na kosa lolote. Petroli husafiri kutoka nyuma ya gari hadi mbele, na njia yote hiyo hukaguliwa kwa bisibisi, chupa na nusu saa. Tuchukue Toyota Corolla KE70 yenye injini ya 4K, ambayo pampu yake imefungwa ubavuni mwa injini na husukumwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini.

Kwanza tenganisha mafuta na umeme. Moto wa plagi ukikatika, gari huzima ghafla kama aliyezimiwa swichi. Mafuta yakipungua, gari hufa polepole: linashtuka, linakohoa, kila ukikanyaga linazidi kulegea. Ukipunguza mwendo linapata nafuu, ukipanda mlima kama Kitonga linakata tena. Maana yake bakuli la kabureta, panapokaa akiba yake ndogo ya petroli, linanyonywa haraka kuliko linavyojazwa.

Likizima, usipige starta. Vua kifuniko cha filta ya hewa, vuta kwa mkono waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali, na utazame kooni mwa kabureta, uso ukiwa mbali kidogo. Uzi mwembamba wa petroli ukiruka, bakuli lina mafuta, geukia umeme. Pakiwa pakavu, tazama kidirisha cha kioo ubavuni mwa kabureta. Mafuta yanatakiwa yasimame usawa wa alama ya katikati. Kioo kikiwa kitupu, mafuta hayafiki.

Sasa fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa mfyonzo na gari likapona, tundu la kupumulia limeziba. Ni kipimo cha sekunde tano, na ajabu ni wachache wanaokianza.

Kipimo cha pampu ndicho kikubwa. Injini ikiwa imepoa, chomoa waya mkubwa wa koili usitoe cheche, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, kisha mtu apige starta kwa sekunde 10 hadi 15. Petroli itoke kwa mapigo mazito, yaliyojaa. Ikitiririka kinyonge au ikija na mapovu, usiilaumu pampu bado. Toa mpira wa upande wa tangi, uchovye kipande cha mpira mzima ndani ya chupa yenye petroli safi, urudie. Mapigo yakirudi, pampu ni nzima na tatizo liko nyuma: filta, mpira au tangi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu hauvuji. Upande huo pampu inavuta, kwa hiyo ufa unaingiza hewa na chini hakuna hata tone la kuonyesha. Ukunje mpira kwa vidole: mistari midogo kama ya udongo uliokauka inatosha kuutupa. Usifunge mpira wa maji badala yake. Petroli huulainisha, na ndani hujibana pampu inapovuta huku nje ukionekana mzima. Filta ya plastiki inayoonekana nusu tupu, kwa upande mwingine, si ugonjwa. Angalia tu mshale wake uelekee kwenye injini.

Pampu ikishindwa hata kwa petroli ya chupa, chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Harufu ya petroli na kimo kilichopanda ni dalili kwamba kiwambo, utando wa ndani ya pampu unaosukuma petroli, kimechanika. Usiendeshe hivyo: petroli huifanya oili nyepesi na beringi huliwa. Ukifunga pampu mpya, rudisha kile kipande kinene kinachokaa kati yake na injini. Kinazuia joto na kinapanga kina cha mkono wa pampu kwenye kamshafti. Kikiachwa, vipimo hubadilika.

Gari linalokata wakati wa foleni ya mchana na kupona likipoa lina mafuta yanayogeuka mvuke. Tazama kama bomba la kurudisha mafuta tangini halijazibwa kwa skrubu, kosa la kawaida mno. Mafuta yanayozunguka hupoza pampu.

Kama pampu inatoa vizuri lakini kioo kikabaki kitupu, sasa ndiyo zamu ya kabureta. Anza na kichujio kidogo kwenye mlango wa mafuta, kisha sindano ya floti, inayofungua na kufunga mlango huo bakuli linapopungua au kujaa. Gonga ubavu wa kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi. Gari likipata nafuu kwa muda, sindano inakwama. Mimina mafuta ya bakuli kwenye glasi: maji yatajikusanya chini kama shanga. Jeti zipulizwe kwa hewa, zisichokonolewe kwa waya, kwa sababu shaba ni laini na tundu likipanuka gari litakula mafuta daima.

Dumu la petroli kwenye kiti cha mbele, lenye mpira hadi kwenye kabureta, si tiba. Ajali ndogo hulimwaga juu ya abiria.

Ukimaliza, acha injini ingurume dakika tano na upitishe kidole kikavu chini ya kila klipu ya mpira wa mafuta. Kikilowa, zima kabla ya kushusha boneti.