Tunapanga magulio, hatupangi kilomita

Mmeuliza wiki hii: wewe na mwenzi wako mkipata siku chache za mapumziko, mngekwenda wapi na kwa usafiri gani?

Sisi hatuendi mbali, na usafiri wetu ni baiskeli. Tunakaa Mwanga, hapa Kigoma mwisho wa reli. Watoto wamekwishatoka nyumbani, mume wangu amestaafu kazi ya reli, na kibanda changu cha vitenge kinaweza kufungwa siku chache bila mtu kufa. Kila kiangazi, mvua zikishakatika, tunafunga mizigo kwenye keria na kuondoka. Najua wasomaji wenzangu wengi watataja Zanzibar na Ngorongoro, na waende salama. Ila nimewaona watu wakirudi kutoka huko wamechoka kuliko walivyoondoka, kwa sababu kila saa walikuwa wanawahi kitu: boti, basi, mtembeza wageni, muda wa kutoka hotelini. Kinachowachosha watu wawili safarini ni kukimbizana na saa. Baiskeli nayo inaweza kukukimbiza vilevile ukiipa kilomita za kumaliza kwa siku. Ndiyo maana sisi hatuipi.

Tunachopanga ni magulio. Miji midogo na vijiji vya mkoa huu kila kimoja kina siku yake, na siku hizo usihangaike kuzitafuta kwenye simu. Nenda Soko la Mwanga asubuhi, waulize akina mama wanaoshusha ndizi na maharage: kesho gulio liko wapi, keshokutwa liko wapi? Wao ndio wanaozunguka nayo wiki nzima. Ukipata mawili yaliyo kwenye barabara moja, yakiwa na siku moja au mbili katikati, safari imeshapangika. Siku ya gulio utakuta chakula cha moto, fundi baiskeli chini ya mwembe, gesti ambayo mwenyewe yupo, na mtu wa kukueleza barabara ya mbele ikoje. Fika kijiji hichohicho siku nyingine: watu wako shambani, duka lina kufuli, na mbuzi ndio wamekaa barazani.

Jambo la pili ni kwamba mwenye mwendo mdogo hutangulia. Mwenye mwendo mdogo ni mimi. Mwenye nguvu akiwa mbele atakusubiri juu ya kila kilima. Ukimfikia, yeye ameshapumzika na anataka kuondoka, wewe ndiyo kwanza unahema. Ugomvi wa safari huanzia hapo. Nikiwa mbele, mume wangu anaona ninachokiona, na nikisimama anasimama. Ungedhani mtu aliyefanya kazi Reli ya Kati amejifunza kusubiri, lakini wapi! Mwanzoni alikuwa ananipigia kengele nyuma kama dereva wa bodaboda. Siku hizi anauliza tu, "Mama, maji?"

Anayeanza namshauri aanze na Ujiji. Kutoka Mwanga hata kilomita 10 hazifiki, ni lami, na wakati wa kwenda mteremko uko upande wako. Wageni wengi huenda Ujiji kwa ajili ya Livingstone, na kumbukumbu ipo pale kwenye miembe, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Enzi hizo maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa karibu zaidi. Leo inabidi utembee kidogo ndipo uuone ufukwe. Nusu saa inatosha hapo. Muda wenu uliobaki upelekeni mitaani, kwenye nyumba za zamani zenye baraza, kwa wazee wa Kimanyema wasiokubali mgeni apite bila kusema ametoka wapi na ni mtoto wa nani. Mume wangu ana rafiki pale ambaye kila mwaka humuuliza kama treni bado inachelewa, na wote wawili hucheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Ukitoka hapo ukashika njia ya Simbo kwenda Ilagala, umeingia nchi ya michikichi, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Unaiendesha taratibu kwa sababu kila baada ya muda kuna moshi pembeni: pipa liko jikoni, chikichi zinachemka. Simama, salimia, omba kuangalia. Mikungu hukatwa, chikichi hupukuchuliwa na kuchemshwa, kisha hutwangwa au kukamuliwa kwa mashine ya mkono, na mafuta mekundu huenguliwa juu ya maji. Kokwa hazitupwi. Hukaushwa, hupasuliwa moja moja ili kutoa mise, yaani kiini cha ndani, na mafuta ya mise huishia kwenye sabuni. Kazi ya kupasua ni ya akina mama na mabibi, na ndiyo kazi nzuri kuliko zote kwa mgeni kujiunga nayo, maana mikono inafanya kazi na mdomo uko huru. Hapo nimesikia habari za ndoa, kesi za mipaka ya mashamba na bei ya dumu la mawese, vyote kwa pamoja.

Michikichi yenyewe inakwambia jambo ukiwa juu ya baiskeli, ambalo ndani ya basi hulioni. Ile mirefu ya zamani, ya kupandwa na babu, ni Dura, yenye kokwa ngumu nene na nyama kidogo. Mifupi ambayo makuti yake yanakaribia kugusa barabara mara nyingi ni Tenera, mbegu yenye gamba jembamba na mafuta mengi. Tangu Serikali ilipoanza kulisukuma zao hili mwaka 2018, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kipo mkoani humuhumu, mifupi inaongezeka. Kwa mwendesha baiskeli kuna hasara yake: mirefu ina upepo chini, mifupi inakuziba huoni gari linalokuja kwenye kona.

Ilagala ina soko zuri, na mto Malagarasi unapita hapo ukielekea kumwaga maji ziwani. Tunapenda kukaa karibu na kivuko tukaangalia nini kinavuka na nini kinarudi: madumu, mihogo, kuku wamefungwa miguu, pikipiki, harusi nzima. Kuoga mtoni, hapana. Mamba wapo.

Upande wa ziwa kuna fukwe za wavuvi za Katonga na Kibirizi, zote karibu na mjini, na hizi hazihitaji gulio kwa sababu soko ni kila asubuhi. Zinahitaji kuangalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, nao hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haina kazi, wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo ukitaka kuziona taa ziwani na kukuta dagaa wabichi alfajiri, nenda siku za giza. Angalia pia tangazo la Serikali: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, yaani katikati kabisa ya kiangazi chetu. Ufukwe ulikuwa mweupe, chanja hazina kitu, na mama ntilie tuliyemzoea alikuwa anauza maharage.

Ukinunua dagaa, uliza wamekaushwa wapi. Wa kwenye mchanga ni rahisi, na utawatafuna pamoja na mchanga wao. Wa kwenye chanja ni ghali kidogo na ni wasafi. Kwa kula palepale, agiza mgebuka, samaki wa ziwa hili, na ugali wa muhogo, mchuzi uwe wa mawese, na msiwe na ratiba yoyote baada ya hapo. Hifadhi ya Gombe, alikofika Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, mwaka 1960, msidanganywe na ramani: inaonekana karibu, lakini baiskeli haifiki. Ni boti ya kutoka Kibirizi.

Milima sasa. Barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu ni kama kilomita 60 za lami, na inapanda. Ziwa liko kwenye mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Ukifika Kalinzi umeshapita mita 1,500. Kuna vijana wanaopanda yote hiyo kwa miguu yao, nawapongeza. Sisi tunapatana na kondakta pale Mwandiga, baiskeli zinafungwa juu ya gari, tunapanda tumekaa kwenye viti mpaka Manyovu, halafu tunarudi tukishuka. Mume wangu mwanzoni aliona ni kama kudanganya. Nikamuuliza, tunamdanganya nani? Na si kwamba ni mteremko mtupu. Kuna vilima vya kutosha njiani kukutoa jasho na kukuondolea aibu.

Huko juu hali ya hewa ni nyingine. Asubuhi unavaa sweta, ukungu umekaa kwenye migomba, na wanaokupita ni vijana wanaoshusha ndizi kwa baiskeli, mikungu imefungwa pande zote mpaka mpandaji haonekani. Hao waachie njia bila ubishi, kwa sababu mzigo ule haufungi breki. Soko la Mnanila liko karibu kabisa na mpaka, na siku yake huvuka watu kutoka Burundi, Kiha na Kirundi vinasikika kwa pamoja na hakuna anayehitaji mkalimani. Salimia "Mwakeye!" asubuhi, hata kama Kiha chako kinaishia hapo, bei ya parachichi itashuka. Kalinzi ni kwa wakulima wa kahawa, na cha kuchekesha ni kwamba mkulima wa kahawa akikukaribisha ndani atakupa chai.

Barabara za mpakani usiende bila kitambulisho cha taifa. Vizuizi vipo, na wataulizwa wote, mzee na kijana.

Kuhusu baiskeli zenyewe sina mengi. Zetu ni zile za kawaida nzito, zenye keria na kifuniko cha mnyororo, ambazo kila fundi wa kijijini anazijua na vipuri vyake viko sokoni. Baiskeli ya gia nyingi ni nzuri mpaka ikatike kitu Matyazo. Kabla ya safari ya mlimani badilisha mipira ya breki, yote, hata kama fundi anakwambia bado ina nguvu. Na wakati wa kushuka usiibane mfululizo, achia na ubane, simama upoe. Pampu, viraka, solusheni na tyubu moja ya akiba vinatosha. Kanuni yetu ya muda ni moja: saa kumi alasiri tuwe tumeshapata chumba, kwa sababu giza likiingia mabasi ya kutoka Kasulu hayana habari na mtu aliye pembeni ya lami.

Niseme kidogo kwa wanawake wenzangu, maana najua swali lenu. Navaa suruali, juu yake kitenge kifupi kilichofungwa vizuri. Maneno nayasikia. Kuna kijana pale Bitale aliyeniuliza, "Mama, mzee amekosa nauli?" Nikamwambia nauli tunayo mwanangu, tumekuja kununua ndizi. Akanichagulia mkungu mzuri, akaufunga mwenyewe kwenye keria ya mume wangu, na ikawa yeye ndiye wa kusukuma mlima uliofuata. Wanaume husema zaidi. Wanawake huuliza tandiko linauma au haliumi. Linauma siku ya kwanza na ya pili.

Mnaweza kuuliza, watu wawili waliokaa pamoja miaka yote hii wanazungumza nini barabarani? Mengi hatuzungumzi, kwa kuwa mmoja yuko mbele na mwingine nyuma. Mazungumzo huja tukisimama, na yanakuwa na kitu cha kuanzia: yule mzee wa kivukoni, bei ya mise, ile nyumba iliyojengwa nusu yenye mti ndani yake. Nyumbani mazungumzo yetu yalikuwa yamebaki ada, umeme na dawa ya presha. Sisemi baiskeli inaponya ndoa, na mwenye matatizo mazito aende kwa wazee. Lakini sisi imetupa habari mpya za kupeana usiku gesti, na kwa umri wetu hilo si dogo.

Kiangazi kijacho, Mungu akipenda, ni zamu ya Kasulu, na hatujaafikiana njia. Mume wangu anataka tupitie Kidahwe, kwa kuwa barabara anaifahamu na anajua kila daraja. Mimi nataka tupande Manyovu na gari kama kawaida, kisha tukate kwa juu kupitia Buhigwe. Hoja yake ni kwamba huko juu hatujui magulio ni siku gani, na amenishika kwa kanuni yangu mwenyewe. Kwa hiyo msomaji yeyote aliye Buhigwe au Heru Juu anayezijua siku za gulio za upande huo, naomba aziandike kupitia gazeti hili. Gazeti mume wangu hulisoma lote, hata matangazo.