Usimuulize Shosho tarehe

Jumanne iliyopita nilikuwa nikishuka ngazi za Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, pale tunapopaita Akaivu, nikamkuta komredi, yaani mwanafunzi mwenzetu wa chuo kikuu, wa mwaka wa nne amejibanza ukutani, simu sikioni, hojaji mkononi. Alikuwa akimhoji mzee kwa ajili ya mradi wake wa mwisho. Nikamsikia akisema kwa upole kabisa, "Guka, kama hukumbuki tarehe si neno, twende swali la nane." Akachora mstari mahali pa jibu.

Nilisimama pale kwa muda. Mstari ule naujua. Nimewahi kuuchora mimi mwenyewe, na kila Septemba makomredi wapya wanapoingia idara ya historia huanza upya kuuchora kana kwamba wameurithi. Ndiyo maana naandika haya, wadogo zangu, kabla hamjachagua yuniti za muhula huu.

1. Somo la mbinu za utafiti wa kihistoria msilikwepe. Najua linawekwa saa moja asubuhi, najua Thika Road haisongi saa hiyo, na najua maksi zake hazimwagwi kama za yuniti nyingine. Lichukueni katika mwaka wa pili, msingoje wa nne mkiwa tayari mmetumwa nyanjani.

2. Mkifungua faili Akaivu, andikeni nambari ya faili kabla ya kusoma hata neno moja. Nendeni na penseli. Picha ya simu isiyokuwa na nambari ya faili ni sawa na picha ya mtu usiyemjua: utaitazama miezi sita baadaye, na haitakwambia lolote. Kuna binti mmoja, mwanafunzi mzuri sana, aliyepiga picha zaidi ya mia tatu za barua za madiwani wa Nairobi, zote safi, zote bila nambari. Alirudi kuomba mafaili yale moja baada ya jingine kwa wiki tatu, na kila asubuhi nilimpelekea chai mlangoni kwa sababu uso wake ulikuwa unaniumiza.

3. Mhojiwa asipotaja tarehe, hajasema kwamba hajui lini. Hapa nitakaa kidogo.

Mradi wangu wa mwaka wa nne ulihusu maisha ya wanawake wa mtaa wa Bahati wakati wa hali ya hatari. Gavana Baring wa serikali ya kikoloni ya Waingereza aliitangaza tarehe 20 Oktoba 1952 ili kupambana na wapiganaji wa Mau Mau, lakini Nairobi ilihisi uzito wake hasa katika Operesheni Anvil, Aprili 1954. Wanajeshi na polisi waliuzingira mji, mitaa ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa Lang'ata kuchujwa. Kutoka huko wengi walisafirishwa hadi kambi za Mackinnon Road na Manyani. Sura ya pili ya mradi wangu ilieleza haya yote vizuri, kutoka vitabuni, na tarehe niliiandika kwa ukamilifu: 24 Aprili 1954.

Kisha nikaenda kumhoji Shosho mmoja aliyekuwa bi harusi mchanga Bahati wakati ule. Alinikaribisha kwa chai na viazi vitamu. Alinieleza jinsi walivyogongewa mlango saa kumi na moja alfajiri, jinsi mumewe alivyoambiwa achukue mfuko mmoja tu, na jinsi gakunia, yule mtoa habari aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, alivyotikisa kichwa mbele ya wanaume waliopangwa mstari. Mumewe alirudi baada ya miaka mitano. Alinieleza kwa Kiswahili kilichotulia, akipumzika pale palipouma.

Nami nilikuwa na hojaji, na hojaji ilikuwa na nafasi iliyoandikwa "Tarehe".

Nikamuuliza, "Shosho, ilikuwa tarehe ngapi?"

"Jumamosi, mjukuu wangu."

"Jumamosi ya tarehe ngapi?"

"Pasaka ilikuwa Jumapili iliyotangulia. Gauni la mtoto la Pasaka nilikuwa nimelifua, lilikuwa bado kwenye kamba. Walipoondoka na baba yake nililiona pale, likipepea."

Nikauliza mara ya tatu. Akanitazama, akanijazia kikombe. Nikachora mstari.

Katika sura ya nne niliandika sentensi ambayo hadi leo naijua kwa moyo: "Kumbukumbu za mhojiwa huyu hazikuweza kuaminika kikamilifu kwa kuwa alishindwa kutaja tarehe ya tukio." Nikamweka pembeni, na nafasi yake nikaijaza kwa ripoti ya mwaka ya ofisa wa serikali, kwa sababu ripoti ilikuwa na tarehe. Mradi ulipita. Nilipewa maksi nzuri, hakuna aliyeuliza.

Nikafunga nakala kwa jalada gumu, nikampelekea Shosho iwe zawadi. Nilifikiri atafurahi kuishika tu. Lakini alimwita mjukuu wake wa kidato cha tatu, akamwambia atafute mahali alipotajwa na amsomee, huku akimfasiria. Msichana alitafuta, akapata, akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye ile sentensi akapunguza sauti, akanitazama, kisha akaimaliza kwa sababu nyanya yake alikuwa anangoja.

Shosho akauliza, "Haziaminiki, maana yake nini?"

Hatukujibu, si mimi wala yule msichana.

"Ina maana umeandika kwamba nimedanganya?"

Nikasema hapana, nikaanza kueleza habari za vyanzo na uhakiki. Kila neno nililolitamka lilizidi kuwa dogo. Akanimiminia chai tena. Ile chai ndiyo iliyonimaliza.

Usiku ule nilitafuta kalenda ya mwaka 1954. Pasaka iliangukia Jumapili, tarehe 18 Aprili. Jumapili iliyofuata ilikuwa tarehe 25. Siku moja kabla ya hapo, tarehe 24, ilikuwa Jumamosi.

Alikuwa amenipa tarehe. Alinipa siku ya wiki, akanipa sikukuu ya kupimia, akanipa na gauni kwenye kamba. Ile tarehe niliyoinakili vitabuni ilikuwa kwenye mradi wangu mwenyewe, kurasa chache tu kabla ya kumwita mtu asiyeaminika, na sikuwahi kuziweka mbili hizo pamoja. Nilirudi Bahati Jumamosi iliyofuata, nikamwonyesha kalenda niliyoinakili kwa mkono, nikaomba msamaha. Aliweka kidole kwenye ile Jumamosi, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Nenda ukaandike."

Nimeandika tangu wakati huo, katika kazi nyingine. Lakini nakala ya mradi ule iko maktabani chuoni, na sentensi ile imo. Naomba msome historia simulizi mkilikumbuka gauni lile.

4. Kwa hiyo jifunzeni kalenda ambazo watu wanaishi nazo. Mzee wa Pumwani akikwambia jambo lilitokea Idi ikiwa imeangukia mvua za masika, amekusaidia sana: Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka inayowezekana ni michache. Mwingine atasema "kabla ya kipande", na kipande, kile kitambulisho ambacho wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba, kilianza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Akisema "vita vya kariakoo" anazungumzia vita hivyohivyo na wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki kwenye soko la Kariokor, pale mnaponunua vyondo. Na mkitafsiri mahojiano kwa Kiingereza, tafadhali, saa kumi na moja alfajiri ni 5 a.m. kwa hesabu ya Wazungu. Mwaka jana nilisahihisha kazi iliyowaleta askari "alfajiri" saa 11 a.m., yaani karibu na adhuhuri.

5. Ripoti ya DC, yule mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, isome ukijiuliza alikuwa anamwandikia nani. Alimwandikia mkubwa wake, naye alitaka kuonekana wilaya imetulia. Mnakumbuka kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, waliodai fidia kwa mateso ya wakati wa hali ya hatari: mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na mafaili yaliyoondolewa katika makoloni wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park, kituo chake huko Uingereza. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Kwa karibu miaka hamsini mwanafunzi yeyote angeweza kuingia Akaivu, akakosa karatasi, akaandika kwamba hakuna ushahidi. Wazee walikuwa wakisema wakati wote huo.

6. Majina ya mitaa yana umri. Katika insha za mwaka wa kwanza, waziri Tom Mboya huuawa Moi Avenue kila muhula. Tarehe 5 Julai 1969, siku aliyouawa, barabara ile iliitwa Government Road. Ukitoka mlangoni Akaivu unaiona sanamu yake, iko hatua chache tu, na mahali alipopigwa risasi unaweza kutembea ukafika kabla chai haijapoa. Tembeeni. Tokeni kwenye simu, muuone mji mnaousomea.

7. Mwakenya. Nitalisema hili mara moja. Kile kikaratasi unachokificha kwenye mkono wa shati siku ya mtihani kina jina la vuguvugu la siri la miaka ya 1980, ambalo watu waliotuhumiwa kuwa wanachama wake waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, mwendo mfupi kutoka hapo unapopandia matatu ya kwenda nyumbani. Wengine wao walikuwa wahadhiri na wanafunzi. Ukisoma historia, ukijua hivyo, sidhani mkono wako utakubali kuingiza kikaratasi hicho mfukoni.

8. Tunzeni kila karatasi ya CAT, yaani jaribio la katikati ya muhula, iliyosahihishwa hadi siku ya kuhitimu. Maksi hupotea, na anayezidai akiwa na karatasi mkononi husikilizwa.

Yule komredi wa kwenye ngazi nilimngoja akate simu. Nikamuuliza mzee wake alisema nini hasa pale pa tarehe. Akatazama hojaji, akafikiri. "Alisema ilikuwa wiki ile mbuzi wao wa kwanza alizaa mapacha, na mvua ilikuwa imekatika." Nikamwambia ampigie tena.

Akapiga. Mzee alipokea kabla ya mlio wa pili.