Pampu alikuwa nayo mkononi

Mwanangu, meseji yako niliisoma usiku nikashindwa kujibu hapo hapo. Umeuliza mjomba wako alikufaje na pumu wakati pampu ya kuvuta dawa alikuwa nayo mkononi na alishapuliza, na daktari alimaanisha nini aliposema mapafu yalishabadilika.

Yule alikuwa mdogo wangu, ila ngoja nikujibu kama nesi. Nikiwa mafunzoni tuliingizwa mochwari, wakamfungua mtu aliyekufa kwa pumu. Kawaida kifua kikifunguliwa mapafu yanasinyaa, yale hayakusinyaa, yalibaki yamejaa kifua kizima, yaani hewa iliingia ikakosa pa kutokea. Wakakata kipande, vimirija vya hewa vimezibwa na ute mzito, daktari akauvuta kwa koleo ukatoka mrefu unanata kama utomvu wa fenesi. Sijausahau.

Ndo uelewe, pumu kali ikikaa miaka haibani tu ikaachia. Misuli inayozunguka mirija inanenepa, utando wa ndani unachubuka, chini yake panakuwa pagumu kama kovu, na tezi za ute zinaongezeka. Wala si habari mpya, madaktari Huber na Koessler kule Chicago walishaandika habari za kuta hizo nene mwaka 1922. Na ukuta ukinenepa njia inabaki nyembamba, upana wa mrija ukipungua nusu ugumu wa kupitisha hewa unapanda karibu mara 16, sasa weka na ute juu yake.

Pampu ya bluu inalegeza misuli, basi. Uvimbe haiugusi, ule ute haiuyeyushi. Mjomba wako alikuwa anamaliza ya bluu kila baada ya wiki chache, ile ya kahawia ya kuvuta kila siku akaiacha eti haifanyi kitu, na kweli huisikii papo hapo lakini ndo inayotuliza uvimbe humo ndani. Mi nilikuwa naona na sikumkazania, hilo linaniuma mpaka leo.

Na wewe Pasaka ulipuliza ya bluu mara tatu usiku mmoja ukidhani nimelala, nilikusikia. Jumamosi njoo na pampu zote mbili, nataka kuona ya kahawia imetumika au bado imejaa, halafu Jumatatu tunaenda wote kliniki ya kifua, nauli ninayo. Na kabla ya hapo kifua kikikubana ukapuliza kisiachie, usinisubiri mimi, chukua boda uende hospitali usiku huo huo.