Re: Msufi karibu na nyumba

Ndugu, umeuliza kama msufi unaweza kupandwa mita mbili kutoka ukuta wa nyumba yako Bamburi, na kama ile miiba ya shina ikatwe. Hapo ukutani hapana kabisa! Msufi huweza kupita mita 40, na mizizi yake hutambaa juu juu. Kwenye ardhi yetu ya mawe ya matumbawe itakimbilia msingi na shimo la choo. Kiwanja kikiwa kidogo, panda mkilua, kile kimti kidogo cha maua ya kunukia, yaishe.

Ukiwa na nafasi, sogea mita 15 hivi. Mbegu zichambue kwenye sufi, ile pamba laini ya ndani ya tunda, ziloweke usiku kucha. Au chomeka tawi lililosimama wima masika yanapoanza. Shimo liwe pana, changanya samadi. Wakati wa kaskazi, miezi ile ya joto na ukavu, mwagilia mche mchanga, ukishashika achana nao. Miiba usiikwangue kwa panga, shina litaoza pale penye jeraha. Mti ukikomaa hupungua yenyewe. Weka uzio tu kwa ajili ya watoto. Majani yakipukutika kiangazi usiukate ukidhani umekufa: ndipo unapotoa maua, yanafunguka usiku na popo wanayajia. Kelele zao, utazizoea.